Nusu ya Gharama Haimsaidii Asiye na Nusu Nyingine

Halmashauri ikitangaza ruzuku ya kukarabati nyumba kuukuu, mimi hutafuta kwanza sharti moja kwenye fomu: mwenye nyumba achangie kiasi gani? Hapo ndipo hujulikana fedha zitaishia mikononi mwa nani.

Uingereza wameyapitia haya zamani. Sheria ya mwaka 1949 iliziruhusu halmashauri kutoa ruzuku za kuboresha nyumba. Mwaka 1959 wenye nyumba wakapewa haki ya kudai ruzuku kwa mambo matano: bafu, beseni la kunawia, maji ya moto, choo na mahali pa kuhifadhia chakula. Nalipenda mno wazo lile, maana lilianza kwa kuuliza mtu anaogea wapi na anajisaidia wapi. Ila halmashauri ililipa nusu tu, tena kwa kikomo.

Sasa mfikirie mjane aliyeachiwa nyumba inayovuja. Paa ni lake, pensheni ni kiduchu. Hiyo nusu ataitoa wapi? Wakati huohuo mwenye fedha ananunua nyumba ya jirani, anachukua ruzuku, anakarabati na kuuza kwa faida. Ndivyo ilivyokuwa katika baadhi ya mitaa ya Islington, London, kuelekea miaka ya 1970: wapangaji wa kipato cha chini wakaondolewa, na fedha za umma zikachangia kuwaandalia nafasi wenye uwezo.

Sheria ya 1974 ilijaribu kuziba mwanya huo. Katika maeneo yenye hali mbaya zaidi ruzuku ilipanda hadi asilimia 75, na 90 kwa wenye dhiki, pamoja na masharti kuhusu matumizi ya nyumba baada ya matengenezo. Huo ndio mwelekeo ninaoutetea.

Wapo wanaouliza kwa nini kodi zetu zitengeneze mali ya mtu binafsi. Swali ni la haki. Lakini halmashauri inaweza kuandikisha deni kwenye hati ya nyumba, lilipwe siku itakapouzwa. Mjane analala pakavu msimu huu, na umma haupotezi chake.

Kisha kuna suala la malipo. Ruzuku inayotoka kazi ikishakwisha inamlazimu maskini akope kwanza. Halmashauri imlipe fundi moja kwa moja, kwa awamu, baada ya mkaguzi kupanda juu na kuliona paa kwa macho yake.