Mashine za hewa darasani: kabla hatujachanga elfu 30

Juzi Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi shule anayosoma mwanangu hapa Tanga, na kilichotuweka pale mpaka adhana ya adhuhuri ni jambo moja tu. Uongozi unataka kila mzazi atoe elfu 30 zinunuliwe mashine za kusafisha hewa, moja kila darasa, maana tokea masika ianze watoto mafua hayawaishi, leo anakohoa huyu kesho yule, darasa la pili kuna siku walikosekana kumi na kitu kwa mpigo. Wazazi tukagawanyika. Kuna waliosema afya ya mtoto haina bei, tutoe tu. Mzee mmoja akasimama akasema jamani Tanga hii yenye upepo wa bahari mnataka tununue hewa? Mie nikatoka sina upande, nikaenda kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuitendee haki mashine yenyewe. Ndani mna feni na filta, feni inavuta hewa ya chumba, inaipitisha kwenye filta, inaitoa upande wa pili. Filta za daraja la HEPA zinakamata asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3 (maikromita ni milimita moja ukiigawa mara elfu), na hapo ndipo wengi wanaposhika vibaya, wanasema kirusi ni kidogo kuliko hapo kwa hiyo kitapenya. Hapana. Hiyo 0.3 ndiyo saizi inayoisumbua filta kuliko zote, ndogo zaidi na kubwa zaidi zinanaswa kirahisi, halafu kirusi hakiruki peke yake, kinabebwa na vitone vya mate na kamasi ambavyo mtoto anavitoa akipumua, akiimba, akisoma a e i o u kwa sauti. Kwa hiyo inachuja kweli. Suala ni je, mtoto wangu ataugua mara chache?

Hapa majibu yamechanganyika. Georgia kule Marekani mwishoni mwa 2020 waliangalia shule za msingi 169. Shule zilizofungua milango na madirisha au kuweka feni zilikuwa na korona kidogo kwa asilimia 35 kuliko zile ambazo hazikufanya kitu, na zilizofanya hivyo zikaongeza na kuchuja hewa zilikuwa chini kwa asilimia 48. Ukisoma haraka unasema basi mashine inafanya kazi, ila iangalie tena hiyo hesabu, sehemu kubwa ya nafuu imeletwa na dirisha. Tena pale walilinganisha shule kama zilivyo, huenda zilizojali hewa zilijali na mambo mengine.

Utafiti mwingine, hukohuko Marekani upande wa kaskazini mashariki, ulikuwa mkali zaidi: shule 41, watoto 236 wenye pumu, madarasa mengine yakawekewa mashine za HEPA na mengine mashine za kuigiza ambazo hazichuji. Majibu yalitoka 2021, siku za watoto kusumbuliwa na pumu hazikupishana kwa kiasi cha maana. Na hewa ya madarasa ya utafiti ule ilipokuja kupimwa virusi, vilikutwa karibu kila darasa, mashine haikuleta tofauti kubwa kwenye wingi wa virusi anavyokutana navyo mtoto.

Sasa inakuwaje mashine inachuja halafu mtoto hapati nafuu? Mie naona sababu mbili. Moja, watoto watatu wamebanana dawati moja, yule wa katikati akikohoa wenzake wameshavuta kabla hewa haijafika kwenye mashine iliyoko pembeni. Ya pili ni maisha ya mtoto nje ya darasa, na hili lina historia yake. Kati ya 1937 na 1941 bwana mmoja William Wells aliweka taa za miale ya ultravioleti, za kuua vijidudu hewani, kwenye madarasa eneo la Philadelphia, na surua ilipolipuka 1941 madarasa yenye taa yalipata wagonjwa wachache kabisa. Wenzake wakarudia kwingine, nafuu ile haikuonekana, na moja ya sababu ni kwamba watoto wa kule walikuwa wanabanana pamoja kwenye mabasi ya shule. Ebu fikiria basi letu la asubuhi, vioo vimefungwa kwa ajili ya mvua, watoto wanne siti ya watu wawili, jioni haohao wanakutana madrasa.

Turudi kwa yule mzee na upepo wake. Ana hoja, tena nzito. Watafiti walipima vyumba 70 vya hospitali mjini Lima, Peru, wakatoa matokeo 2007: madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika mara 28 kwa saa, wakati vyumba vinavyoingiziwa hewa kwa mitambo vilihesabiwa mara 12. Na majengo ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalifika mara 40 huku ya kisasa yakiishia 17. Niliposoma hapo nikakumbuka majengo ya zamani ya hapa mjini, dari iko juu kule, madirisha marefu ya mbao, kusi ikivuma karatasi zinaruka mezani.

Ila darasa la mwanangu siyo hilo. Jumatatu nilikwenda na futi kamba. Dirisha lina upana wa mita 1.5, la aluminiamu la kusukuma, maana yake hata ukilifungua lote nusu moja imefunikwa na kioo, zinabaki sentimita 75. Kwa nje kuna wavu wa mbu umejaa vumbi, nimeusugua kidole kikatoka cheusi. Na siku ile mvua ilikuwa inapiga upande wa madirisha, hakuna ukingo wa kuzuia, mwalimu akafunga yote, vioo vikaanza kutoa jasho. Hapo upepo wa bahari haumsaidii mtu. Na madarasa mawili ya awali yana eisii, imefungwa ukutani, inapoza hewa ileile inaizungusha, haileti mpya. Kwa madarasa haya mawili mashine ina maana kwangu, sitabisha.

Lakini siyo mashine moja. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, tokea 2023 inashauri hewa safi ya kubadilisha chumba mara 5 kwa saa au zaidi. Darasa letu ni mita 8 kwa 7, kwenda juu 3, jumla mita za ujazo 168, mara 5 ni 840 kwa saa. Kimashine cha nyumbani kilichoandikwa mita za ujazo 250 kwa saa utahitaji vinne, tena viwe spidi ya mwisho, na spidi ya mwisho inapiga kelele, mwalimu anayefundisha kusoma ataipunguza, namuelewa kabisa. Hapo hatujasema luku, umeme kukatika, na filta za kubadilisha. Elfu 30 ni ya kununua, filta za mwakani hakuna aliyezitaja.

Kikao kinarudi Jumamosi. Nitaomba hela ianze na ukingo wa mvua juu ya madirisha, kuondoa yale ya kusukuma tuweke yanayofunguka yote, kuosha nyavu, na pangaboi. Madarasa mawili ya eisii yanunuliwe mashine za kutosha na filta za ziada pamoja. Na kiasi kidogo kinunue kipimo cha kaboni dayoksaidi, nje inasoma kama 420 (sehemu kwa kila milioni ya hewa), ndani ikipita 800 mwalimu anajua hewa imechoka anafungua mlango. Na lile basi, kesho asubuhi dereva aachie vioo viwili wazi hata vidole vinne tu.