Jina Chini ya Unyayo

Juzi nilipanda matatu kutoka Kondele, hapa Kisumu, kwenda mjini. Mbele yangu aliketi msichana ambaye mkobani mwake alining'inia Labubu, yule mwanasesere wa masikio ya sungura na meno ya kutisha. Mama mmoja akamwuliza kama anampelekea mtoto. "Hapana, mama, ni wangu," akajibu bila aibu yoyote. Jibu lile nililipenda.

Mimi nasema waziwazi: wanasesere hawa ni sanaa, na wanaowakusanya hawajarudia utoto. Mwaka 1999 msanii Michael Lau wa Hong Kong alifanya maonyesho ya wanasesere 99 wenye sura za vijana wa mtaani, kila mmoja na mavazi yake na tabia yake. Mwaka uo huo Mmarekani Brian Donnelly, anayejiita KAWS, alitoa nchini Japani mwanasesere wake wa kwanza wa vinili, Companion. Walitengenezwa kwa idadi maalumu tu. Labubu mwenyewe alichorwa na msanii Kasing Lung mwaka 2015, kwenye vitabu vya picha, miaka kadhaa kabla ya kampuni ya Pop Mart kumfanya ajulikane dunia nzima. Juni 2025, Labubu mwenye kimo cha mtu aliuzwa mnadani Beijing kwa yuani milioni 1.08, karibu shilingi milioni 19 zetu.

Bei hiyo haitokani na vinili. Vinili ni plastiki. Humiminwa ikiwa majimaji ndani ya kalibu ya chuma, hupashwa moto mpaka ishike ukutani kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, ya katikati ikamwagwa, kisha mwanasesere akavutwa nje angali na joto. Ndiyo maana ndani huwa mtupu. Kinacholipiwa ni mkono uliomchora, na idadi inayojulikana. Mgeuze umtazame chini ya unyayo: mara nyingi utakuta jina la msanii au la kampuni, na mwaka.

Sipendi jambo moja tu: vile viboksi vilivyofungwa, unalipa bila kujua utampata yupi. Huko ni kucheza kamari, na watoto hawapaswi kufundishwa kamari kwa kitu kizuri namna hiyo.

Lakini kinachoniuma kiko karibu zaidi. Mjomba wangu huchonga mawe ya sabuni kule Tabaka, Kisii. Nimekua nikimwona akilipasua jiwe kwa panga, akilitoa umbo kwa kisu, kisha shangazi na binamu zangu wakilisugua kwa msasa ndani ya karai la maji hadi ling'ae. Kiboko wake ana shavu lililovimba upande mmoja, kama anayetafuna. Hakuna mchongaji mwingine anayemchonga hivyo; hata ukimweka katikati ya viboko mia nitamtambua. Ila kiboko huyo hununuliwa kwa jumla, hutiwa kwenye gunia pamoja na vya wengine, na akifika dukani anaitwa "kinyago cha Kisii" basi. Mwenye mkono hayupo.

Tusiseme soko halitaki majina ya kwetu. Elkana Ong'esa ametoka huko huko Tabaka, na ndege wake wa jiwe amesimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris, jina lake likijulikana. Je, mchongaji wa vitu vidogo vya kukaa kiganjani anakosa nini? Wanasesere wale wa Lau na KAWS nao walikuwa vitu vya kukaa mezani. Ningependa kuona kijana wa Kisumu akibuni kiumbe wake mwenyewe, wa ziwa hili, akamchonga 50 tu, akawapa namba, akatia sahihi na kukataa kuwauza kwa gunia.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea mjomba habari hizi pamoja na msumari mwembamba. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa myeupe kwa vumbi. Akachukua kiboko aliyekuwa amekaushwa, akampindua, akaandika jina lake tumboni polepole, herufi moja moja. Halafu akasita.

"Mpwa, na namba niandike ngapi?" aliniuliza. "Nimeanza kuwachonga hawa kabla mama yako hajaolewa."