Mwenye laptopu ndiye mhariri

Ukitaka kujua nani atahariri filamu ya wanafunzi hapa Kampala, usiulize nani ana jicho la kazi hiyo. Uliza nani ana laptopu yenye nguvu. Kundi lina watu watano au sita, mmoja kaletewa mashine na mjomba aliyeko Dubai, basi huyo ndiye mhariri hadi wahitimu. Wenzake wanashika maiki na kubeba taa. Akigombana na mwongozaji, filamu inalala. Akienda Mbarara kwenye msiba, filamu nayo imekwenda msibani.

Kwa hiyo nikisikia shule ya filamu inataka kujenga chumba cha uhariri wa pamoja, naunga mkono bila kusita, ingawa si kwa sababu zinazotajwa sana. Wengi wanazungumzia kasi, picha za 4K, yaani zile zenye ukali wa juu sana, na "viwango vya kimataifa". Mimi naangalia nani atapata nafasi ya kujifunza. Picha zote zikikaa kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu ya kutunzia faili, na kompyuta za chumbani zikaunganishwa nayo kwa kebo, mwanafunzi anakaa kwenye mashine yoyote iliyo wazi na kufungua kazi yake. Binti asiye na laptopu anakata onyesho la kwanza huku mwenzake akisafisha sauti ya onyesho la tatu. Avid, watengenezaji wa programu ya kuhariri filamu, wana utaratibu wa siku nyingi katika hili: anayetangulia kufungua folda ya kazi ndiye anayeruhusiwa kuibadilisha, wengine wanatazama tu mpaka amalize. Utaratibu huo unafundisha adabu ya kazi kuliko mihadhara yetu mingi.

Hofu yangu ni manunuzi. Mfadhili hupenda kupigwa picha mbele ya skrini kubwa. Sijaona aliyepigwa picha na swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kebo za kompyuta. Matokeo yake shule inapata mashine za kung'aa zilizofungwa kwenye mtandao dhaifu, na baada ya muhula mmoja wanafunzi wanarudi kwenye diski zao za mfukoni.

Tufanye hesabu kidogo. Picha za 4K katika ProRes 422, aina ya faili za video za kuhariria, fremu 25 kwa sekunde, zinataka takribani megabiti 492 kila sekunde. Saa moja ya picha hizo ni kama gigabaiti 220. Sasa seva ikiwa na mlango wa gigabiti 1 tu kwa sekunde, yaani megabiti 1,000, ambao ndio wa kawaida, wanafunzi wawili wakicheza picha kwa pamoja wameumaliza. Wa tatu atatazama picha ikikwama-kwama na kulaumu programu. Ila huhitaji kutajirika ili kulitatua hili. Weka mlango wa gigabiti 10 kwenye seva na kwenye swichi, kila kompyuta ibaki na gigabiti 1 yake, halafu fundisha watu kuhariri kwa proksi, yaani nakala nyepesi za picha zilezile. Proksi ya HD katika ProRes inakula kama megabiti 38 kwa sekunde. Picha nzito zinarudishwa mwishoni, wakati wa kusahihisha rangi. Wala mtu asikudanganye kwamba Wi-Fi itatosha.

Kuna watakaosema tuachane na seva, tuweke kila kitu mtandaoni. Huenda wanaoishi London wanaliweza hilo. Sisi tunanunua intaneti kwa bando, na tangu mwaka 2021 bando hizo zina kodi ya asilimia 12. Januari ya mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Mwanafunzi mwenye tarehe ya kukabidhi kazi wiki ile angehariri nini?

Umeme nao. Bwawa letu la umeme la Karuma linaweza kuzalisha megawati 600, ni jambo la kujivunia, lakini transfoma ya mtaani kwako ikilipuka usiku Karuma haitakusaidia. Seva ikizimika ghafla huku diski zinaandika, faili zinaweza kuharibika. Kama pesa inatosha betri moja tu, iende kwenye seva kabla ya skrini yoyote.

Kuhusu nakala za akiba, sisi Uganda hatuna haja ya mifano ya kuazima. Isaac Nabwana wa Wakaliga alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, filamu iliyolitangaza jina la mtaa wake duniani, kisha akafuta faili za awali ili diski ipate nafasi ya filamu iliyofuata. Simlaumu hata kidogo, alikuwa na diski aliyokuwa nayo. Lakini shule inayojua kisa hicho haina udhuru. Tena wasifikiri kwamba seva yenye diski nyingi ndiyo akiba yenyewe. Ni kweli diski moja ikifa nyingine zinaibeba, ila mwanafunzi akifuta folda kwa bahati mbaya, imefutika kotekote. Nakala ya pili inatakiwa, na ya tatu ikae nje ya jengo.

Nani atafanya yote haya? Hapa ndipo miradi mingi hufia. Chumba cha pamoja kinataka mtunzaji, mtu wa kushinda humo, anayejua seva, na mwenye mamlaka ya kumkatalia hata mwalimu. Ni yeye atakayeamua faili zinaitwaje. Darasani kuna Mkongo anayeandika majina ya faili kwa Kifaransa, Mkenya anayechanganya Kiswahili na Sheng, na Muganda anayeandika Luganda. Wakielewana kwa mazungumzo haimaanishi seva nayo itawaelewa.

Rafiki mmoja ananibishia kwamba nje ya shule kazi ni video za harusi na kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kutambulishana kabla ya ndoa, mtu na laptopu yake, kwa hiyo tunawazoesha vijana maisha ambayo hayapo. Hajakosea kuhusu soko la leo. Ila tamthilia za televisheni zinaongezeka, na haziwezi kukatwa na mtu mmoja kila wiki. Na hata huyo wa harusi, siku bibi harusi atakapotaka nakala baada ya miaka mitatu, atafurahi kama alifundishwa kupanga faili.

Basi shule yenye bajeti ya kompyuta kumi inunue saba. Pesa ya zile tatu ilipe mshahara wa mtunzaji kwa miezi ya mwanzo, na kuanzia hapo mshahara huo uingizwe kwenye ada kama yanavyoingizwa maji na umeme. Chumba kifunguliwe pia Jumamosi, kwa ajili ya wanaofanya kazi siku za wiki.