Tupeni Jumanne

Mwezi uliopita mwenye mkahawa mmoja hapa Westlands alituita baada ya onyesho letu la Alhamisi akatueleza kwamba hataihitaji tena bendi nzima. Atabaki na mpiga kinanda na mwimbaji. Ngoma, besi na saksafoni zitatoka kwenye kompyuta. Alisema kwa adabu, akatulipa chetu chote, na hesabu zake za kodi na umeme siwezi kuzibisha. Lakini alituaga kwa kutufariji kwamba siku hizi Nairobi ina matamasha ya jazi, kwa hiyo wanamuziki wazuri hawatakosa jukwaa.

Kwa hilo ninampinga kwa moyo wangu wote. Tamasha huionyesha bendi, haliijengi. Bendi hujengwa na kazi ya kila wiki, mahali pamoja, kwa wanamuziki walewale, mbele ya wateja ambao baadhi yao wamekuja kula tu. Mimi hupiga besi, na sehemu kubwa ya ninachokijua nimekipata kwa kusimama karibu na mpiga ngoma mmoja usiku baada ya usiku, hadi nikatambua kwamba mpiga saksafoni akikaribia kumaliza zamu yake, huyu mwenzangu huanza kusukuma mwendo, na kwamba kuna nyakati za kumfuata na nyakati za kumshikilia. Hayo hayaandikwi kwenye karatasi ya nota, wala hayapatikani kwa mazoezi mawili ya haraka kabla ya tamasha.

Historia ya jazi yenyewe inashuhudia. Duke Ellington, mpiga kinanda na kiongozi wa bendi, aliingia klabu ya Cotton Club mjini New York mwishoni mwa 1927, akapiga humo na bendi yake hadi 1931, na ni katika miaka hiyo alipozoea kuandika muziki kwa ajili ya sauti ya mtu fulani anayemjua, si kwa ajili ya tarumbeta yoyote tu. Mwaka 1957 mpiga kinanda Thelonious Monk alipata kazi ya miezi kadhaa katika baa ndogo ya jiji hilohilo iliyoitwa Five Spot, naye mpiga saksafoni John Coltrane akakaa pembeni yake akijifunza nyimbo ngumu za Monk kwa kuzirudia usiku hata usiku. Mwezi Novemba mwaka huohuo walipanda jukwaa la Carnegie Hall, ukumbi mashuhuri wa jiji hilo. Kanda ya onyesho hilo ilipatikana mwaka 2005 katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na kila anayeisikiliza hustaajabu jinsi wanavyoelewana. Mimi sistaajabu, kwa sababu najua walitoka wapi.

Wala hatuna haja ya kwenda New York. Ndugu wa Kinyonga walipotoka Tanzania wakaja Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na bendi yao ya Simba Wanyika, na wenzao walipojitenga mwaka 1978 wakaunda Les Wanyika, walikuta jiji lenye kumbi zilizokuwa na bendi za kudumu. Sikilizeni gitaa la rithimu la Omari Shabani likiwa na besi ya Tom Malanga: kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi, na hakuna anayekimbilia kuijaza. Wako wenzangu wasomi wanaosema kwamba hiyo si jazi. Mabishano hayo hayanishughulishi; namna ya kuifikia ni ileile, yaani miaka ya kupiga pamoja.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba matamasha yamefanya jambo la maana. Tamasha la jazi la Safaricom, lililoanza mwaka 2014, limechangia Ghetto Classics, mradi unaofundisha muziki vijana wa mtaa wa Korogocho hapa Nairobi, na vijana waliolelewa huko wanasoma nota vizuri kuliko wengi wa rika langu. Basi niambieni, kijana huyo akifika miaka 20 na saksafoni yake mkononi, ataingia bendi gani? Anahitaji wakubwa wawili watatu wa kumtazama kwa jicho kali anapopiga nota nyingi mno, na wa kumsogezea nafasi usiku anapokuwa na la kusema. Kompyuta haiwezi kumfanyia hivyo, kwa kuwa haimsikii. Mwimbaji akiguswa akataka kurudia ubeti, kompyuta inaendelea na safari yake.

Malipo duni na malalamiko ya majirani kuhusu kelele ni matatizo ya kweli, nayo yanazungumzika.

Ombi langu kwa wenye kumbi ni dogo. Hatuombi Ijumaa wala Jumamosi. Tunaomba Jumanne, usiku ambao taa zimeshawashwa na nusu ya meza ziko tupu, kwa miezi sita mfululizo, kwa malipo ya chini yaliyokubaliwa pamoja na sehemu ya kiingilio. Nao waandaaji wa matamasha watenge sehemu ya fedha za wadhamini kulipia usiku kama huo mwaka mzima, katika kumbi ndogo za Eastlands na za Barabara ya Ngong, kisha waje humo kuchagua bendi za kupandisha kwenye jukwaa lao kubwa.