Kiti Kimoja, Hesabu Mbili za Pointi

Mwezi wa tatu mamangu alirudi Kisumu kutoka Marekani, alikokaa miezi mitano akimsaidia dadangu kulea mtoto. Ndani ya Biblia yake alikuwa amebana vipande vinne vya pasi za kupandia ndege, viwili vya kwenda na viwili vya kurudi, kwa sababu nilimwagiza asitupe hata kimoja, viwe ushahidi wa safari. Wiki iliyofuata nikafungua akaunti yake ya pointi, zile ambazo shirika la ndege humpa abiria kwa kila safari na zikitosha humpatia tiketi ya bure. Safari ya Nairobi hadi Ulaya ilikuwa imeingia. Ya kuvuka bahari ya Atlantiki ilikuwa sufuri, kwenda na kurudi. Tiketi ilikuwa moja, tumeilipia mara moja, kwa wakala mmoja.

Niliandikia shirika lililotuuzia. Jibu lilikuja la adabu na fupi: sehemu hiyo iliendeshwa na mshirika wao, na herufi ya nauli yake, yaani alama ya daraja la bei tuliyolipa, haina pointi. Nilikagua kanuni zao na nikakuta wamesema kweli. Lakini hakuna aliyetuambia kabla hatujalipa, na hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo.

Safari ya ubia ni hii: shirika moja linakuuzia tiketi kwa namba yake ya safari, lakini ndege, rubani na wahudumu ni wa shirika jingine. Anayepanda matatu huku kwetu anaujua mtindo huu. Umelipa nauli Kisumu hadi Nakuru, mnafika Kericho abiria wamebaki wachache, makanga anakuhamishia gari la mwenzake na wawili hao wanajuana kuhusu pesa. Ila matatu haikukuahidi kitu zaidi ya kukufikisha. Shirika la ndege limekuahidi pointi, na ahadi hiyo haivuki kila mahali unapovuka wewe.

Pointi unazopata zinategemea mambo ambayo abiria wengi hawayaangalii. Kwanza ni mpango wa pointi uliotumia namba yake ya uanachama, maana safari moja huingia kwenye akaunti moja tu. Pili ni shirika lililotoa tiketi, ambalo unalitambua kwa tarakimu tatu za mwanzo za namba ya tiketi yenye tarakimu 13: 706 ni Kenya Airways, 074 ni KLM, 071 ni Ethiopian, 016 ni United. Tatu ni ile herufi moja iliyokaa karibu na namba ya safari, K au V au Y au nyingine, ambayo ndiyo daraja la nauli yako. Watu wawili wanaweza kukaa bega kwa bega nyuma ya ndege, mmoja ana Y na mwenzake ana herufi ya bei ya chini kabisa, na hesabu zao zisikaribiane hata kidogo.

Chukua ndege ya Ethiopian inayoondoka Nairobi kwenda Addis Ababa. Ethiopian iko kwenye muungano wa mashirika ya ndege uitwao Star Alliance tangu 2011, pamoja na United ya Marekani. Ukinunua kiti kwa United, tiketi ikianza na 016, akaunti yako ya United inahesabu kwa dola ulizolipa. Ukikinunua kwa Ethiopian, tiketi ikianza na 071, akaunti hiyohiyo inahesabu kwa umbali na herufi ya nauli.

Umbali nao haujakamilika mpaka uzidishwe kwa asilimia ya herufi yako. Nairobi hadi Amsterdam ni kama maili 4,140. Tuseme herufi yako inalipwa asilimia 100: kwenda na kurudi unapata 8,280. Tuseme inalipwa asilimia 25: unapata 2,070. Na tiketi ya bure ya masafa kama hayo hudai makumi ya maelfu. Ile ndege fupi ya Kisumu hadi Nairobi ni takriban maili 170 tu, kwa hiyo mamangu aliyepanda basi la usiku hadi Nairobi hakupoteza pointi za kulilia. Kama alipoteza kitu ni usalama wa kuwa na tiketi moja, ambayo mzigo unafungwa Kisumu na kufunguliwa mwisho wa safari, na ndege ya kwanza ikichelewa wao ndio wanaokutafutia nyingine.

Hapo ndipo utetezi wa mashirika unapopata nguvu, na ningekuwa mwongo nikiupuuza. Bila ubia, mtu wa Kisumu angenunua tiketi tatu kufika mji wa ndani Marekani, akivuta mabegi yake kutoka kaunta hadi kaunta. Kenya Airways haiwezi kutua kila mji duniani. Ilijiunga na SkyTeam, muungano mwingine wa mashirika, ikawa mwanachama kamili 2010, na humo wamo Delta ya Marekani, Air France na KLM. Tena pointi si maneno matupu, ni pesa. Ukipanda ndege ya shirika moja na kuingiza pointi kwenye mpango wa shirika jingine, lile la kwanza humlipa la pili. Nauli iliyoteremshwa mpaka chini haina nafasi ya malipo hayo, na aliyelipa zaidi kupata zaidi si dhuluma.

Nakubali yote hayo. Lakini upande wa abiria una hoja ambayo utetezi huo hauigusi. Mamangu hakuchagua ile herufi. Hakujua ipo. Aliona jina la shirika alilolizoea na namba ya safari inayoanza na herufi mbili za shirika hilo, na chini yake, kwa maandishi ya kumtaka mtu avae miwani, jina la anayeendesha ndege. Hata hilo jina limeandikwa kwa sababu sheria inalazimisha: Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2005 inayotaka abiria aambiwe ni shirika gani litakalombeba, na Marekani nayo ina takwa lake. Kuhusu pointi, muuzaji anaweza kunyamaza. Shirika linalotumia jina la mpango wake kukuvuta ununue kwake, kisha likaacha mwiba kwenye kurasa za masharti, halijakutendea haki.

Je, mtu wa huku alipe zaidi ili apate herufi nzuri? Kwa familia inayosafiri mara moja kwa miaka miwili au mitatu, nasema hapana. Shilingi 8,000 za ziada kwa kila tiketi ni karo ya mtoto, na pointi chache zitaoza kabla hazijatosha. Skywards, mpango wa pointi wa Emirates, kwa mfano, huzipa miaka 3. Kwa mtu wa namna hii ni afadhali mpango usiofuta pointi: Delta iliondoa ukomo 2011, United 2019. Safari ya Kenya Airways inaweza kuingizwa SkyMiles, mpango wa Delta, mradi herufi inaruhusu, na ikakaa humo ikingoja ya mwaka wa mbele.

Hali ya wanariadha wa Iten na Eldoret ni nyingine kabisa. Mkimbiaji wa marathon anaruka mwezi wa nne Boston au London, wa tisa Berlin, wa kumi Chicago. Tiketi hununuliwa na waandaaji au meneja, kila mara shirika tofauti, na vijana wengi hudhani pointi ni za aliyelipa. Kwa kawaida ni za aliyekaa kwenye kiti. Mtu kama huyo anastahili kuwa na akaunti moja kwa kila muungano, SkyTeam, Star Alliance na oneworld, na namba hizo azitume kwa anayemnunulia kabla tiketi haijatoka. Kwake yeye herufi ni jambo la kuuliza kila safari, kwa sababu kwa mwaka mmoja anaweza kufikisha kinachomchukua mamangu miaka kumi.

Sidai pointi zilingane. Nadai asilimia iandikwe kando ya bei, sehemu kwa sehemu, kabla ya kulipa. Mashine inayojua bei kamili inaijua herufi pia. Na mawakala wetu wa Oginga Odinga Street wanaweza kuanza leo bila kungoja sheria, maana herufi iko kwenye skrini yao.

Mwezi uliopita nilirudi kwa wakala kumkatia mama tiketi ya Desemba. Nilimwomba anisomee herufi za kila sehemu. Alishangaa kidogo, kisha akageuza skrini tukaangalia pamoja. Kulikuwa na safari mbili za siku moja: moja ingelipa pointi njia nzima, nyingine ingelipa hadi Ulaya tu, na kati yao kulikuwa na shilingi 11,400. Nilichukua ya bei nafuu. Jioni mama akaniuliza kama safari hii pia ahifadhi vile vipande. Nikamwambia ahifadhi vya Nairobi hadi Ulaya, vile vingine anaweza kuvitupa akishapokea mabegi.