Mpenzi ametoka nyota nyingine, masharti yako wapi?

Nimerudia Obsidian, riwaya ya Jennifer L. Armentrout iliyotoka mwaka 2012, na nakiri mapema kwamba niliimaliza kwa usiku mmoja, kichwa ndani ya shuka. Kwa hiyo msidhani nimekuja kuiponda. Ugomvi wangu ni na Daemon peke yake, yule mpenzi wa kitabuni.

Katy, msichana wa hadithi hii, ana miaka 17. Amehama na mama yake kutoka Florida hadi kamji kadogo ka West Virginia. Anapiga hodi kwa jirani aulize njia ya dukani, mlango unafunguliwa na Daemon, kijana kifua wazi, macho ya kijani, mdomo mchafu. Baadaye tunaambiwa kumbe huyo si mtu. Ni Luxen, kiumbe wa mwanga, na umbo la binadamu amelivaa tu.

Kiumbe wa mwanga, jamani! Mimi hapo maswali yalinijaa. Aliyeanza maisha bila ngozi, haya aliijulia wapi? Mkono ukimgusa, anasikia nini? Mwandishi anapita hapo mbiombio kisha anaturudisha kwenye kifua. Mwondolee Daemon huo mwanga, anabaki kijana mtukutu wa shule, wa aina ile ile ambayo sote tulishawahi kuililia bila kuhitaji sayari ya pili.

Bibi yangu wa Tanga asingemkubali. Kwenye hadithi zake, jini akimpenda binti wa watu, kazi ndiyo imeanza. Anataka udi wake, marashi yake, pete yake. Kuna usiku ambao mume haruhusiwi kitandani, na kuna chakula ambacho huli tena hadi kufa. Uamini majini usiamini, waliozitunga hadithi hizo walijua kwamba kupendana na kisichokuwa mtu ni mkataba, na mkataba una gharama yake. Daemon hadai hata ubani.

Ila nimtendee haki mwandishi. Akitumia nguvu zake karibu na Katy, au akimponya, Daemon humwachia alama ya mwanga ambayo binadamu hawaioni lakini maadui zake, Arum, wanaiona. Yaani kumwokoa kwenyewe ndiko kunakomfanya awindwe. Hapo nilikaa kitako, maana hapo ndipo kitabu kinapohema. Sharti moja tu, na mapenzi yote yanapata uzito.

Mfano mwingine ni Roswell, hadithi ya msichana anayependana na mvulana wa sayari nyingine. Vitabu vya Melinda Metz vilianza kutoka 1998, na msichana wake anaitwa Liz Ortecho. Tamthilia ya 1999 ikambadilisha kuwa Liz Parker. Iliporudi upya mwaka 2019, jina la Ortecho likarudi, safari hii baba yake akiwa mhamiaji kutoka Mexico asiye na karatasi. Sheria za uhamiaji za Marekani kwa miaka mingi zimemwita raia wa nchi nyingine kwa neno lile lile wanalomwitia kiumbe wa sayari nyingine: alien. Basi mvulana anaficha alikotoka, na baba mkwe naye anaficha! Kiswahili nacho tunalo neno letu, mgeni, linalombeba anayekaribishwa sebuleni na asiyejulikana alikotoka. Na mgeni wetu siku ya tatu anapewa jembe. Daemon hajawahi kushika jembe.

Mimi ningependa mtu aandike hii. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya mwanga 4.2, yaani mwanga wenyewe hutumia miaka 4.2 kufika. Hakuna ujumbe unaokwenda haraka kuliko mwanga. Binti ana miaka 17, amekaa barazani, anamtumia wa huko salamu ya kawaida kabisa: umekula? Anasubiri. Anamaliza shule, anapata kazi, anaposwa, anakubali. Ana miaka 25, mtoto ananyonya, saa tisa ya usiku, simu inawaka.

Bado. Wewe je?