Sukari na sugar, nani kamkopa nani?

Juzi nipo kwa baba mdogo tunakunywa chai, akaanza tena wimbo wake, eti Kiswahili hakina chake, kila neno tumeokota kwa Mzungu, "hata hii sukari si sugar tu mmeitia i mwishoni?" Nikanyamaza, maana ni mkubwa halafu chai ni yake. Ila jamani, hii ya sukari naikataa.

Sugar yenyewe ni neno la kukopa. Mwingereza kaitoa kwa Mfaransa anayesema sucre, Mfaransa kaitoa kwenye Kilatini cha enzi hizo, Kilatini nacho kikaitoa kwa Mwarabu, sukkar, Mwarabu kwa Mwajemi, shakar, na Mwajemi ndo akaitoa India kwenye Kisanskriti, sharkara. Sisi watu wa pwani tuliichukua kwa Mwarabu palepale, hatukuzunguka Ulaya. Na ile k ya Mwarabu tunayo mpaka leo, Mwingereza kaigeuza g.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba sharkara maana yake changarawe. We kunywa chai ambayo haijakorogwa vizuri ufike chini kabisa, ile sukari iliyogoma kuyeyuka itafune, utasikia meno yanasaga kokoto. Aliyeipa hilo jina alikuwa na kijiko mdomoni, mi naamini hivo.

Halafu Kiingereza kimeipokea sharkara mara tatu bila kujua ni mgeni yuleyule. Kuna saccharin, ule utamu wa maabara uliogunduliwa Marekani 1879, jina lake limepita kwa Wagiriki waliokuwa wanasema sakkharon. Na kuna jaggery, ambayo Wareno waliibeba toka pwani ya kusini ya India ndo Waingereza wakaidaka kwao. Jaggery si ndo sukari guru yetu, wenzetu Kenya wanaita nguru, ile ya kahawia ya kupikia kashata, na hapo na sisi tulichekesha kidogo maana guru ni gur ya Kihindi, kitu kilekile, kwa hiyo tumebandika jina juu ya jina tukaona bado halijakolea.

Jumapili narudi kwa baba mdogo na kipande cha sukari guru kwenye gazeti. Simwambii kitu, naweka tu pembeni ya kikombe chake nisubiri aulize hiki kwa Kiingereza kinaitwaje.